Hodi na Simu: Maelezo ya Historia ya Kuzuia Miito Isiyotakiwa

Neno "simu" lilikwisha kuzoeleka pwani kabla chombo kiitwacho hivyo leo hakijaingia nyumbani mwa watu. Asili yake ni "sim" ya Kiajemi, maana yake uzi wa madini, na hapo mwanzo lilitumika kwa taarifa ipelekwayo kwa njia ya waya. Katika mwaka wa 1879 waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Tangu hapo mfanyabiashara wa Unguja aliweza kupata habari za masoko ya ng'ambo kwa muda wa saa chache badala ya majuma mengi. Walakini simu ya namna hiyo haikumwingilia mtu. Iliandikwa katika karatasi, karatasi ikachukuliwa na tarishi, na tarishi akasimama mlangoni akapiga hodi kama mgeni mwingine yeyote. Mwenye nyumba alikuwa bado na mlango wake.

Kwa ajili hiyo, mtu atakaye kuelewa historia ya kuzuia simu na ujumbe usiotakiwa hana budi kuanza mlangoni.

Desturi ya hodi yajulikana na kila msemaji wa Kiswahili, na pengine ndiyo sababu haijaandikwa sana. Mgeni husimama nje akaita. Aliye ndani akijibu "karibu", mgeni huingia. Asipojibiwa huita tena. Na akikosa jibu mara ya tatu huondoka, wala haimpasi kukasirika. Katika mafundisho ya Kiislamu jambo hili limewekwa wazi. Sura ya An-Nur yaamuru mtu aombe ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyo yake, na akiambiwa arudi, basi arudi. Na kiasi cha mara tatu chatokana na hadithi za Mtume. Nyumba zenyewe zilijengwa kwa kuifuata desturi hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni hufika kwanza kwenye daka, yaani kivuli kilicho mbele ya mlango chenye viti vya mawe kila upande. Akiruhusiwa kupita, njia ya kuingilia imepinda, hata jicho lake lisiweze kufika ndani moja kwa moja. Mgeni wa kulala aliwekwa katika sabule, chumba kilichotengwa na maisha ya watu wa nyumbani. Unguja na Mombasa baraza ya mawe ilifanya kazi kama hiyo: mambo mengi ya biashara yalianza na kuisha barazani, na mwenye kuyaleta hakuujua hata ukumbi. Kwa hiyo kuzuia hakukuwa tendo la uadui. Kulikuwa kwa daraja, na kila mtu aliishia mahali palipolingana na haja yake na ujamaa wake.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona kwamba Kiswahili hupiga hodi na hupiga simu kwa kitenzi kile kile. Lugha ilimpa mpigaji simu nafasi ya mgeni aliye nje ya mlango. Lakini mgeni wa hodi alitambulikana kwa sauti yake, aliweza kuchunguliwa dirishani, na kimya cha wenye nyumba kilikuwa jibu analolielewa. Simu ilipokuja ililia ndani ya nyumba yenyewe, kana kwamba mgeni amekwisha kuingia ndipo anapiga hodi. Namna ya kumrudisha nje ilichukua zaidi ya miaka mia kupatikana, na hata leo haijakamilika.

Wako wanaodhani kwamba kero ya ujumbe usiotakiwa ilianza na simu za mkononi. Sivyo. Mwishoni mwa mwezi wa Mei 1864 baadhi ya wabunge wa Uingereza waliletewa taarifa za waya majumbani mwao London wakati wa jioni. Siku zile taarifa ya waya ilileta habari ya msiba, au ya jambo lisiloweza kungoja, nao wakazifungua kwa hofu. Ndani hamkuwa na msiba. Mlikuwa na tangazo la waganga wa meno, likieleza saa zao za kazi. Mmoja katika waliosumbuliwa aliandika malalamiko yake katika gazeti la The Times. Yafaa kuangalia ni nini hasa kilichomuudhi. Tangazo lenyewe angaliweza kulisoma gazetini bila kusema neno. Kilichomuudhi ni kwamba muuzaji ameazima mlio wa habari nzito kwa kusema jambo jepesi. Hila hiyo haijabadilika hata leo. Kilichoifanya iwe haba zamani zile ni bei: kila neno lililipiwa, na bei ikawa ndiyo komeo la kwanza.

Simu ya sauti ilitoka Marekani, na huko ndiko mlango ulikoanza kuondolewa. Alexander Graham Bell alipewa hati ya uvumbuzi wake mwezi wa Machi 1876. Mwezi wa Januari 1878 kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu kilifunguliwa New Haven, katika jimbo la Connecticut, kikiwa na wateja 21, na mwezi uliofuata ikapigwa chapa orodha ya majina 50. Orodha ile haikuwa na namba hata moja. Aliyetaka kusema na mtu alimtajia opereta jina la mtu huyo, naye opereta akaunganisha waya kwa mkono. Kazi hiyo ilifanywa kwanza na vijana wa kiume, ambao walisifika kwa ufidhuli. Tarehe 1 Septemba 1878 Emma Nutt akaajiriwa Boston, akawa mwanamke wa kwanza kuifanya, na baada ya muda ikawa kazi ya wanawake. Katika miji midogo opereta alikuwa bawabu wa mji mzima. Aliwajua watu kwa sauti, na aliweza kumwambia mpigaji kwamba daktari hayupo. Ni kweli pia kwamba aliweza kusikiliza yasiyomhusu, na katika miji mingi inasadikiwa kwamba alisikiliza. Hata hivyo palikuwa na mtu kati ya mwitaji na mwitwa, tena mtu mwenye kutumia akili.

Namba ziliingia kwa sababu ya ugonjwa. Katika mwaka wa 1879 surua ilienea katika mji wa Lowell, Massachusetts, na Daktari Moses Greeley Parker akaogopa kwamba maopereta wanne wa mji wakiugua pamoja, hapatapatikana mwingine ayajuaye majina ya wateja na mahali pa waya zao. Akashauri kila mteja apewe namba. Hilo lilikuwa shauri la busara, na faida yake imeonekana ulimwenguni kote. Lakini ndilo lililomgeuza mwitaji kuwa tarakimu, na tarakimu haina sura wala ukoo. Kila chombo cha kuzuia kilichobuniwa baadaye huizuia namba. Mtu aliye nyuma yake humwacha huru akatafute namba nyingine.

Hatua ya pili ilitokana na tuhuma. Almon Strowger alikuwa mwenye biashara ya mazishi huko Kansas City. Inasimuliwa kwamba aliamini wateja wake wanapelekwa kwa mshindani wake na opereta asiye mwaminifu. Kama kisa hicho ni kweli chote au kimetiwa chumvi, hati yake ya mwaka wa 1891 haina shaka: ilikuwa ya mtambo wa kuunganisha simu bila mkono wa mtu. Mtambo wa kwanza wa namna hiyo ulianza kazi La Porte, Indiana, mwezi wa Novemba 1892. Strowger alimwondoa bawabu aliyemdhania kuwa mwizi, wala hakuna aliyefikiri kuweka mwingine mahali pake. Kuanzia hapo yeyote aliyeijua namba, au aliyeibahatisha tu, aliweza kuipigisha kengele nyumba asiyoijua.

Matokeo yalionekana kwa ukamilifu baada ya vita kuu ya pili, wauzaji walipotambua kwamba kupiga simu mia ni rahisi kuliko kubisha milango mia, na zaidi ilipopatikana mitambo inayopiga yenyewe na kusema maneno yaliyokwisha kunaswa. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda wenye simu mwaka wa 1991. Mwezi wa Juni 2003 ikafunguliwa orodha ya taifa ya namba zisizotaka kupigiwa na wauzaji, na kabla ya Oktoba ya mwaka huo zaidi ya namba milioni 50 zilikuwa zimekwisha kuandikishwa. Sheria ya namna hii humzuia muuzaji mwenye kuogopa sheria. Tapeli haisomi.

Katikati ya hayo palitokea ubishi ambao wahistoria hawakuutilia maanani sana, ingawa ndani yake mna kiini cha jambo lote. Katika miaka ya 1980 kampuni za simu zilianza kuonyesha namba ya mpigaji kwa mpigiwa kabla hajapokea. Hiyo ilikuwa kama kurudisha dirisha la kuchungulia. Ajabu ni kwamba wengi waliipinga kwa kusema kwamba inamvunjia mpigaji siri yake, na mwaka wa 1992 Mahakama Kuu ya jimbo la Pennsylvania ilikubali kwamba mpango huo, kama ulivyowekwa, ulikwenda kinyume na sheria ya jimbo. Katika muda wa miaka mia watu walikwisha kuzoea hata wakaona kwamba mgeni ana haki ya kuingia amejifunika uso. Mzee wa Lamu aliyeketi dakani kwake angestaajabu.

Afrika Mashariki ilifika katika mambo hayo kwa njia nyingine. Simu za waya zilikuwa chache, nyingi zikiwa maofisini, na mtu wa kawaida alikwenda posta kupiga. Simu za mkononi zilipoenea, hasa tangu mwaka wa 2000 Vodacom ilipoanza Tanzania na Safaricom ilipoanza Kenya kwa sura yake mpya, watu wengi walipata simu yao ya kwanza ikiwa tayari inaonyesha namba ya mpigaji, na mpigaji peke yake ndiye aliyelipa. Simu isiyopokewa haikulipiwa. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wa kubipu.

Kubipu ni kupiga na kukata kabla mwenzio hajapokea. Jonathan Donner, aliyeuchunguza mtindo huu kwa kutumia habari alizokusanya Rwanda, alichapisha makala juu ya kanuni zake mwaka wa 2007, na kanuni hizo zatambulikana mara moja na kila aliyeishi Dar es Salaam au Nairobi siku zile. Mwenye uwezo zaidi ndiye anayebipiwa, naye hutarajiwa apige. Kijana hambipu msichana anayemposa, kwa kuwa ni aibu. Mtu haombi msaada mkubwa kwa bipu. Tena bipu moja yaweza kuwa na maana waliyoagana watu wawili: nimefika, toka nje, au nakukumbuka tu. Lugha ilikipokea kitenzi hicho upesi, ikakinyambulisha kama kwamba kilizaliwa nacho: bipia, bipiwa, bipiana. Kwa historia hii kubipu kuna thamani ya pekee, kwa kuwa ni mwito unaotaka usipokewe. Mpigiwa akiwa mkorofi alikuwa akipokea kwa ghafula ili salio la mwenziwe likatwe, na kicheko chake kilikuwa adhabu tosha. Kero zilikuwako: namba ngeni zilizobipu usiku wa manane kwa kubahatisha urafiki zililalamikiwa sana. Lakini bei ya vocha ilimzuia mwenye kusumbua, kama bei ya neno ilivyomzuia muuzaji wa mwaka wa 1864.

Ujumbe wa maandishi ulilivunja komeo hilo. Ujumbe wa kwanza wa namna hii ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ukiwa na salamu za Krismasi. Ulikuwa wa bei ndogo, uliweza kupelekwa kwa watu elfu kwa mara moja, tena haukungoja ruhusa: ukifika umefika, na macho hayawezi kukataa kusoma walichokwisha kuona.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Kenya baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007. Katika majuma ya machafuko yaliyofuata, ujumbe wa kuchochea kabila juu ya kabila ulipita kutoka simu hadi simu, mwingi ukiwa hauna jina la aliyeuanzisha. Serikali ilipeleka ujumbe wake kwa wenye simu, ikiwaonya wasiandike wala wasipitishe maneno ya kuleta fujo. Likafikiriwa shauri la kuzima ujumbe wote nchini. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, alishauri kwamba chombo hicho hicho kitumike kupeleka maneno ya amani, na kampuni yake ikawapelekea wateja wapatao milioni 9. Shauri la kuzima likaachwa. Kabla ya uchaguzi wa mwaka wa 2013, tume ya mawasiliano ya Kenya iliweka kanuni kwamba ujumbe wa siasa upelekwao kwa wengi upitie kwanza kwa kampuni za simu ukaguliwe. Basi katika muda wa miaka mitano swali la nani awe bawabu lilijibiwa kwa njia tatu: serikali ifunge kwa wote, kampuni ichuje, au msomaji mwenyewe aachiwe. Jibu la tatu ndilo lililokuwa dhaifu kuliko yote, kwa maana simu nyingi za wakati ule hazikumpa mwenyewe njia yoyote nyepesi ya kumkataa mtu.

Kisha simu ikawa mkoba. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007 na Tanzania mwaka wa 2008, na tangu hapo kusumbuliwa kuliweza kumfilisi mtu. Mwenye duka, mjane anayetunziwa pesa na wanawe walio mjini, mwanafunzi anayelipiwa ada kwa simu, wote walikuwa sasa na fedha nyuma ya mlango usio na bawabu. Hapo ndipo ilipotokea aina ya ujumbe ambayo Tanzania nzima yaijua: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Mara nyingi huongezwa kwamba namba ya zamani ina matatizo, na kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Aina nyingine husema yatoka kwa mwenye nyumba anayedai kodi, au kwa mganga, au humkaribisha msomaji katika chama cha siri chenye kuleta utajiri. Hizo ni hadithi, na mtu mwenye akili tulivu huzicheka. Lakini ile ya kwanza si hadithi, na kwa ajili hiyo imewaumiza wengi zaidi.

Nguvu yake yote imo katika neno moja. Wanasarufi wa Kiswahili, tangu siku za E. O. Ashton, wamekwisha kueleza kazi ya kionyeshi cha "-le" kinapotangulia jina: huashiria kitu ambacho msemaji na msikiaji wanakijua tayari. Anayesema "ile hela" hasemi habari ya hela yoyote. Husema habari ya hela tuliyokwisha kupatana, wewe na mimi. Tapeli hajui ni hela gani, wala hana haja ya kujua. Msomaji ndiye anayeijaza nafasi ile tupu. Katika watu elfu wanaopelekewa, hakosekani mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa akingoja namba ya fundi, au ya mdogo wake aliyepo shuleni, au ya wakala wa mazao. Naye haulizi, kwa kuwa sarufi imekwisha kumthibitishia kwamba anajuana na msemaji. Hakuna jina, hakuna salamu, hakuna kiasi cha fedha. Kila kitu ambacho kingeweza kuzua shaka kimeachwa nje. Ni vigumu kupata ushahidi mwingine ulio wazi kiasi hiki wa jinsi kijineno cha sarufi kinavyoweza kufanya kazi ya funguo bandia.

Serikali zilijibu kwa sheria na kwa daftari. Tanzania ilipitisha sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta mwaka wa 2010, ambayo ndani yake mna wajibu wa kuandikisha laini za simu. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka wa 2015, kifungu cha 20, ikakataza kupeleka ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa. Mwezi wa Mei 2019 ukaanza uandikishaji wa laini kwa alama za vidole, na muda wake ukaisha tarehe 20 Januari 2020. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliweka pia namba 15040, ambayo mwananchi hupeleka ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyouleta, ili laini hiyo ifungiwe. Nia ya yote hayo ni kuirudishia tarakimu sura ya mtu, yaani kulitengua shauri la Daktari Parker wa Lowell bila kulitupa. Ugumu upo katika laini zilizoandikishwa kwa vidole vya mtu mwingine, mara nyingi mtu maskini asiyejua jina lake linafanya nini.

Njia ya mtu kujizuilia mwenyewe ilikuja pamoja na simu janja, tena kwa kuchelewa. Simu ya iPhone ilianza kuuzwa mwaka wa 2007, lakini hadi Septemba 2013 ndipo ilipopewa uwezo wa kuizuia namba. Mfumo wa Android uliuweka uwezo huo ndani yake mwaka wa 2016, ingawa watengenezaji kadhaa walikuwa wamekwisha kuutia katika simu zao. Jinsi unavyofanya kazi ni rahisi. Simu huwa na orodha ya namba zilizokataliwa, na kila mwito ukifika hulinganishwa na orodha hiyo. Ukionekana humo, kengele hailii, na ujumbe hauonyeshwi mbele. Mpigaji haambiwi neno. Kabla ya hapo, mwaka wa 2009, vijana wawili wa Stockholm, Alan Mamedi na Nami Zarringhalam, walikuwa wamekwisha kuanzisha Truecaller, programu inayoonyesha jina la mpigaji na malalamiko ya watu wengine juu yake. Hapa opereta wa mji mdogo karibu afufuke, ila sasa mji ni dunia na kumbukumbu yake haisahau. Wapo waliokuta majina yao katika daftari hilo hali hawakuomba kuandikwa, na hoja ya haki yao imekuwa nzito zaidi tangu Kenya ilipotunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka wa 2019 na Tanzania mwaka wa 2022.

Kila komeo lilizaa ufunguo wake. Simu zilipoanza kupita katika intaneti, ilikuwa rahisi kwa mpigaji kuonyesha namba isiyo yake. Aliyezuia namba moja aliletewa nyingine inayofanana na yake mwenyewe, na aliyelipiza kwa kupiga alimkuta mtu asiyejua lolote. Marekani ilitunga sheria mwishoni mwa Desemba 2019, na kufikia tarehe 30 Juni 2021 kampuni kubwa za simu zililazimika kuzitia namba muhuri wa siri unaothibitisha kwamba mwito umetoka pale unaposema umetoka. Muhuri huo wathibitisha namba. Juu ya moyo wa mwenye namba haukuahidi kitu. Tena mwezi wa Februari 2024 tume ya mawasiliano ya huko ililazimika kutamka kwamba sauti zilizobuniwa na mashine zimo katika katazo la mwaka wa 1991, kwa maana hata ile alama ya kale kuliko zote, sauti ya mtu, ilikuwa imekwisha kughushiwa.

Kiswahili hakikukaa kimya katika mambo haya. Katika programu zilizotafsiriwa, neno lililochaguliwa ni "zuia", nalo ni zuri, kwa kuwa huzuiwa kilicho njiani na si lazima kiwe adui. Lakini vijana hawakulipenda. Wao husema "kumbloku" mtu, na neno hilo la kuazima limepata ukali ambao "zuia" haina. Kuzuia ni kazi ya simu; kumbloku ni hukumu juu ya mtu. Nchini Kenya kuna mfano mwingine ulio mzuri zaidi. Sauti iliyonaswa ya Safaricom humwambia mpigaji kwamba mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa, na kutokana na tamko hilo la adabu watu wakasema fulani "yuko mteja", maana yake hapatikani, amezima, au hataki. Jina la anayenunua likawa jina la asiyeonekana. Kamusi zitapata taabu kulieleza.

Taabu iliyo kubwa zaidi ni ya kimya chenyewe. Katika hodi, kimya kilikuwa na maana moja iliyojulikana kwa wote. Kimya cha simu iliyozuiwa chafanana na kimya cha betri iliyokwisha, cha mtandao uliokatika, na cha mtu aliyefariki. Ndugu aliyezuiwa kwa sababu ya ugomvi wa urithi hupiga akidhani mwenzake yuko safarini; na siku ya msiba habari humfikia kwa mzunguko wa majirani. Upande wa pili, mtu aliyechoshwa na matapeli huacha kupokea kila namba asiyoijua, na miongoni mwa namba hizo imo ya muuguzi anayepiga kwa simu yake mwenyewe kutoka zahanati. Mlango wa Lamu uliweza kumfungia mmoja na kumfungulia mwingine katika dakika ile ile, kwa kuwa ulilindwa na mtu anayewajua wote wawili.

Watengenezaji wametambua upungufu huo. Mwezi wa Oktoba 2018 Google ilitoa simu huko Marekani iliyoweza kumjibu mpigaji kwa niaba ya mwenyewe, ikimtaka ataje jina lake na haja yake, na mwenye simu akisoma majibu kwa maandishi kabla hajaamua. Mwaka uliofuata iPhone ikapewa uwezo wa kuzinyamazisha namba zote zisizojulikana, na mwaka wa 2025 nayo ikaanza kuuliza jina na haja. Mashine hizo hazitaridhika na jibu la kila siku la mlangoni. Mpiga hodi wa Kiswahili akiulizwa "Nani?" hujibu "Mimi", na wa ndani akaijua sauti.